Mwanajeshi Huhamishwa, Foleni ya Mtoto Haihamishwi

Kwa: Waziri wa Ulinzi, Mkuu wa Majeshi, Kamanda wa Jeshi la Wanamaji, Mtongwe, Waziri wa Elimu, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

KUH: WATU WENYE ULEMAVU KATIKA FAMILIA ZA WANAJESHI

Tunawaandikia tukiwa wazazi, walezi, walimu wa elimu maalum na matabibu wa viungo wa hapa Mombasa. Hamtaona sahihi ya mwanajeshi hata mmoja chini ya barua hii, na tumefanya hivyo makusudi. Kifungu cha 24(5) cha Katiba kinaruhusu sheria ipunguze haki kadhaa za aliye kwenye Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF): faragha (31), kujiunga na vyama (36), kukusanyika na kuwasilisha malalamiko (37), haki za kazi (41), haki za kiuchumi na kijamii (43), ambamo afya imo, na haki za aliyekamatwa (49). Hebu isomeni orodha hiyo hadi mwisho. Kifungu cha 53, kinachomlinda mtoto, hakimo. Kifungu cha 54, kinachowalinda watu wenye ulemavu, hakimo pia. Aliyekula kiapo ni baba au mama, mtoto hakuapa.

Jambo letu kubwa ni moja, nalo ni uhamisho. Mengine tutayagusa kwa kuwa yameshikana nalo.

Mwanajeshi akipewa barua ya kutoka Mtongwe kwenda Manda, au Nyali kwenda Lanet, au Gilgil kuja huku kwetu, jeshi linajua vizuri namna ya kumhamisha yeye na masanduku yake. Kisichopandishwa lori ni nafasi ya mtoto kwenye foleni. Foleni ya kliniki, foleni ya kupimwa, foleni ya shule, foleni ya kiti cha magurudumu. Kule aendako anashika mkia upya. Mtoto wa jirani yake raia atangoja sana, tena kwa uchungu, lakini ipo siku atafika mbele. Huyu wa kambini hungoja miezi mitano hapa, mitano kule, na asifike mbele hata mara moja. Ukimwuliza mama yake ni huduma gani aliyonyimwa, atakwambia hakunyimwa yoyote. Alikuwa hajafikiwa.

Tuanze na mfano ambao daktari yeyote wa kambi anaweza kuuthibitisha. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hutibiwa kwa njia ya Ponseti. Anafungwa plasta kutoka vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa, na plasta hiyo hubadilishwa kila wiki, mara nyingi tano hadi saba. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi ndogo, kisha plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Baada ya hapo nyayo zimenyooka, kila mtu anashangilia, na hapo ndipo hatari inapoanza. Kwa miezi mitatu mtoto anatakiwa avae viatu vilivyounganishwa kwa upau saa 23 kwa siku, na baadaye avivae kila anapolala hadi afikishe miaka minne au zaidi. Wayo uliokuwa umepinda hugeuzwa nje nyuzi 60 hadi 70, ule mzima 30 hadi 40, na urefu wa upau ulingane na upana wa mabega ya mtoto. Sababu kubwa ya nyayo kurudi zilivyokuwa ni viatu hivyo kutovaliwa. Plasta huwa imefanya kazi yake.

Sasa weka uhamisho katikati. Familia imefika kambi mpya, viatu vimeanza kubana, mtoto analia usiku kucha, majirani wa kota wanagonga ukuta, na mama hajui kliniki iko wapi. Anavivua viatu usiku mmoja apate usingizi, kisha wiki, kisha vinaingia chini ya kitanda. Mwaka unaofuata mtoto anarudishwa kwenye plasta ya kwanza, safari hii na mguu mgumu zaidi. Ambacho kingezuia yote hayo ni jozi moja ya viatu vya saizi inayofuata, iliyotolewa kabla ya lori kuondoka, na karatasi yenye mistari minne: saizi ya viatu, nyuzi za kila wayo, urefu wa upau, tarehe ya kukaguliwa.

Kifafa nacho kina namna yake ya kuharibika njiani. Dawa za mtoto hupigiwa hesabu kwa kilo zake, kwa hiyo dozi ya mtoto wa kilo 12 haimtoshi akifika kilo 18. Hilo linajulikana. Lisilotiliwa maanani ni maandishi. Kadi ya kliniki imeandikwa "mbili asubuhi, mbili jioni", bila miligramu. Vidonge vya sodiamu valproeti vipo vya miligramu 200 na vya 500. Kabamazepini ipo ya 200 na ya 400. Duka la dawa la kambi mpya likiwa na aina ile nyingine tu, mtoto aidha atasinzia darasani wiki nzima au ataanguka jikoni. Na dawa ya kifafa haikatwi ghafla: kuikosa siku chache tu kunaweza kuleta degedege lisilokoma, ambalo huua au huacha ubongo umeumia. Tunaomba mtoto wa kifafa asihamishwe kabla ya kupewa dawa za siku 90, na kadi iandike jina la dawa, miligramu za kidonge kimoja, idadi ya vidonge, uzito wa mtoto na tarehe aliyopimwa. Dawa kama fenobabitoni zimo chini ya udhibiti, na mfamasia ana haki ya kukataa kutoa nyingi kwa mkupuo. Kwa hizo, daktari wa hapa ampigie simu daktari wa kule, na maagizo yawe yamefika kabla ya mtoto kufika. Wasichana wanaotumia valproeti na wanakaribia kuvunja ungo wana jambo la ziada, kwa sababu dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Wapangiwe kuonana na daktari mapema, si siku ya kufunga mizigo.

Viti vya magurudumu tutavizungumzia kwa kirefu kidogo, maana hapa nia njema imeharibu mengi. Kiti kinachotolewa kwenye hafla, mbele ya kamera, kwa kawaida ni cha mtu mzima: upana wa kikalio ni kama sentimita 45. Mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo, ambao akina mama kwenye mabenchi ya kliniki huuita sipii, anaweza kuwa na nyonga za sentimita 25. Ukimweka humo anaegemea upande mmoja kutwa nzima, uti wa mgongo unafuata upande huo, na akilishwa akiwa amelala kiupande chakula huingia njia ya hewa. Kikohozi hicho kisichoisha, ambacho hutibiwa tena na tena kama homa ya mapafu, mara nyingine kimeanzia kwenye kiti.

Kupima hakuhitaji mashine. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha. Upana wa nyonga ndio upana wa kiti. Kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 6: huo ndio urefu wa kikalio kwenda mbele, ili ukingo usikate damu nyuma ya magoti. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, toa unene wa mto ukishakaliwa: hapo ndipo vikanyagio vinapofungwa. Halafu kuna mto wenyewe. Kwa asiyehisi makalio yake, mathalani aliyezaliwa na mgongo wazi, mto ni lazima kama lilivyo gurudumu, na mlezi aangalie ngozi kila jioni. Wekundu usioondoka baada ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 uligawa huduma ya kiti katika hatua nane, kuanzia rufaa hadi ufuatiliaji, na kukabidhi kiti ni sehemu ndogo tu ya safari hiyo. Mtoto anakua, kila miezi sita apimwe upya. Na hapa kwetu kuna chumvi. Upepo wa bahari hula beringi za magurudumu ya mbele kuliko mahali popote bara, kwa hiyo kiti kilichotoka Nanyuki kikiwa kizima huanza kulia baada ya misimu miwili. Kufuta kwa kitambaa chenye maji matamu kila wiki, kukausha, kisha grisi kidogo. Karakana yoyote ya kambi inayokarabati baiskeli au lori inaweza kazi hiyo.

Chama cha walemavu wa viungo, APDK, kina tawi Port Reitz, na karakana za Bombolulu zimekuwa zikifanya kazi na watu wenye ulemavu tangu 1969. Ujuzi upo mjini. Tatizo la familia za Mtongwe ni maji. Kwa jicho, Port Reitz iko ng'ambo tu. Kwa miguu ya mama aliyebeba mtoto wa kilo 20, ni matatu hadi Likoni, feri, matatu nyingine hadi Changamwe, kisha tuktuk. Feri yenyewe ina saa zake. Maji yakiwa yamejaa, kiti kinaingia bila taabu. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mteremko huwa mrefu na mkali, na kiti lazima kishushwe kinyumenyume: mlezi atangulie chini, mtoto atazame juu, huku mkondo wa watu unawapita pande zote mbili na pikipiki zinapiga honi nyuma. Ukikishusha kwa mbele, mtoto asiyeweza kujizuia huporomoka kifudifudi. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha pwani ya kusini na Miritini bila feri. Tunaomba gari moja la kambi, siku moja kwa wiki, kwa njia hiyo, likiwa na mikanda na nafasi ya kufunga viti viwili. La sivyo, tabibu wa viungo avuke yeye kwenda Mtongwe siku mbili kwa wiki. Mtu mmoja kuvuka ni rahisi kuliko watoto na walezi wao kuvuka.

Kwa vifaa vya kusikilizia tuseme machache. Betri ndogo hudumu wiki moja au mbili, unyevu wa Mombasa huziharibu upesi, na kikombe cha sikioni cha mtoto mdogo hubadilishwa kila baada ya miezi michache kwa sababu sikio linakua. Kifaa kikianza kupiga mluzi, kikombe kimekuwa kidogo. Kopo lenye kifuniko na pakiti za kukaushia, zile zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, linatosha kukihifadhi usiku.

Shule. Mombasa ina shule zinazojulikana: Likoni kwa wasioona, Ziwani kwa viziwi, Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo. Kila moja ina aina yake ya mtoto, na hapo ndipo mtoto mwenye mawili kwa pamoja, asiyesikia na asiyetembea, anapokosa mlango. Kabla ya mlango wowote lazima apitie kituo cha kupimwa kielimu, EARC kama walimu wanavyokiita. Vituo hivi vilianza 1984 na vipo kaunti zote. Mzazi huondoka na ripoti, mara nyingi ya mkono, nakala moja. Ikilowa au ikipotea kwenye uhamisho, kaunti mpya hupima upya. Hata isipopotea, kaunti mpya mara nyingi hupima upya.

Watoto walio kwenye masomo ya hatua, ule mkondo wa mtaala wa umilisi usiofuata gredi, huumia zaidi kwenye uhamisho. Mtoto wa Gredi ya 4 akifika shule mpya anajulikana pa kuketi. Huyu wa hatua hana namba kama hiyo. Alichokuwa amefikia kimo kwenye mpango wake binafsi wa masomo: kwamba anavaa shati mwenyewe lakini vifungo bado, kwamba anaomba maji kwa kuonyesha picha, kwamba kelele ya kengele humfanya ajipige. Mpango huo ukibaki kwenye kabati la mwalimu wa Mombasa, mwalimu wa Nakuru anaanza kwa kengele. Mwenye usonji anaweza kupoteza kwa wiki tatu alichojifunza kwa mwaka, na mwalimu mpya ataandika kwamba "hafundishiki".

Tunaijua hoja kwamba mtoto apelekwe bweni na mambo yaishe. Kwa baadhi bweni ni sawa. Lakini mtoto wa miaka saba anayekula kwa kushikiwa kijiko, asiyeweza kusema aliyemuumiza, kumpeleka bweni kwa sababu tu baba amehamishwa ni uamuzi wa ratiba ya jeshi. Haujamwangalia mtoto. Sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu ya mwaka 2018 inasisitiza elimu jumuishi karibu na nyumbani. Nyumbani kwa mtoto wa mwanajeshi ni wapi, ikiwa kila baada ya muda nyumba inabadilika?

Nchi nyingine zimepita njia hii, na zimejikwaa pia, jambo lenye manufaa kwetu kama mafanikio yao. Marekani ina mpango maalum ndani ya jeshi lake kwa familia zenye mtu mwenye mahitaji kama haya. Mwanajeshi analazimika kumwandikisha mtegemezi wake. Fomu ni mbili: DD 2792 ya matibabu na DD 2792-1 ya elimu. Kabla ya uhamisho, huangaliwa iwapo huduma anazohitaji mtegemezi huyo zitapatikana huko waendako. Kando ya hilo, majimbo yote 50 yameingia mkataba wa elimu ya watoto wa wanajeshi: shule inayompokea mtoto mwenye ulemavu humpa kwanza huduma zinazolingana na alizokuwa akipata, ndipo ifanye upimaji wake yenyewe ikitaka. Zingatieni mpangilio huo. Huduma kwanza, kupima baadaye. Kwetu ni kinyume, na katikati ya hayo mawili mtoto hukaa nyumbani muhula mzima.

Kilichowashinda ni vitu viwili. Ukaguzi uliofanyiwa bunge lao mwaka 2018 ulikuta huduma zikitofautiana kutoka tawi moja la jeshi hadi jingine: familia moja inapata nyingi, nyingine inapata chache, kwa sababu tu sare si za rangi moja. Cha pili ni woga. Wapo waliojiandikisha kwa shingo upande na wapo waliojificha, wakihofia kupitwa vyeo au kozi. Hapa Pwani woga huo utapata mwenzake, maana bado kuna majumba ambamo mtoto wa kifafa husemwa ana pepo na mwenye usonji husemwa amerogwa, na koplo aliye mbali na kwao hataki kambi nzima ijue.

Kwa hiyo tunapendekeza faili la familia, la hiari kwa miaka miwili ya kwanza, lenye masharti ambayo hayatachezewa. Likae kwa afisa wa maslahi au daktari wa kambi, kamwe lisikae kwenye faili la utumishi la mwanajeshi. Bodi ya kupandisha vyeo isilione. Kamanda aone mstari mmoja tu: "Familia hii inahitaji ukaguzi kabla ya uhamisho." Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti na kumtaka mzazi aridhie kwa niaba ya mtoto, faragha ya mwanajeshi inaweza kupunguzwa, ya mtoto haijaguswa. Ndani ya faili kuwe na kurasa chache: utambuzi wa ulemavu na nani aliyeutoa, dawa kwa miligramu, vifaa kwa vipimo vyake, ripoti ya EARC na mpango binafsi wa masomo, na ukurasa wa mwisho, ulioandikwa na mlezi kwa maneno yake, wa vitu ambavyo daktari hawezi kujua. Anaogopa nini. Analishwaje. Akianguka, hurejea baada ya muda gani. Nakala tatu: ya kambi, ya mzazi, na ya picha kwenye simu ya mzazi.

Faili hilo lifanye kazi pale linapohitajika. Siku 60 kabla ya tarehe ya kuripoti, afisa wa kambi anayoiacha amtumie mwenzake maswali manne. Dawa hizi zipo? Tabibu wa viungo yuko umbali gani? Shule gani ina nafasi, na kuanzia tarehe ipi? Kota ya chini ipo? Majibu yakirudi mabaya, kuna njia tatu kabla ya kusema haiwezekani: kuchelewesha uhamisho hadi muhula uishe, kubadilisha kambi, au kumwacha mwanajeshi aende na familia ibaki kwenye kota yake ya Mombasa hadi mtoto amalize hatua ya tiba aliyomo. Hii ya tatu ndiyo tunayoiona nyepesi na ndiyo ngumu kupewa. Tunajua kota hazitoshi na wapo wanaozingoja. Hata hivyo, plasta za Ponseti ni suala la wiki nane au kumi, na muhula ni miezi mitatu. Tunaomba muda unaohesabika kwa kalenda, na tarehe ya kuondoka iandikwe tangu siku ya kwanza.

Kota ya chini si upendeleo wa cheo. Kiti cha magurudumu kinahitaji mlango wenye uwazi wa sentimita 80 au zaidi, na mlango wa choo ufunguke kwenda nje, kwa sababu mtu akianguka ndani mwili wake huziba mlango unaofunguka kwenda ndani. Kwa kila sentimita moja ya kupanda, rampu iwe na sentimita 12 za urefu. Vidato viwili vya sentimita 15 vinataka mita 3.6. Wajenzi wakiona nafasi haitoshi huifupisha rampu hadi mita moja na nusu, hupiga picha na kuondoka. Rampu hiyo haipandiki na mtu peke yake, na ikinyesha hugeuka mtelezo. Ikiwa nafasi haipo, ikunjwe mara mbili na kuwe na kituo katikati.

Kisha kuna nyumba ambayo mwanajeshi hayupo. KDF imekuwa Somalia tangu Oktoba 2011, na zamu ya huko ni miezi mingi. Anayebaki anainua mtoto wa kilo 30 kutoka sakafuni mara kumi kwa siku, na mgongo wake ndio huduma yote aliyo nayo mtoto. Ukiumia, hakuna mwingine. Tunaomba saa nne kila Jumamosi: chumba kimoja kambini, walezi wawili waliofunzwa, vitanda viwili vya mazoezi, na daftari la kusaini kuingia na kutoka. Mama akalale, aende sokoni Kongowea, akae tu. Na majirani wa kota pamoja na walinzi wa zamu wafunzwe kwa saa moja la kufanya mtu akianguka kifafa: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni wala usimpe maji. Zikipita dakika tano bila kukoma, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Kijiko bado kinavunja meno ya watoto katika mji huu.

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina sehemu yake. Usajili unataka mtoto apimwe na jopo la hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, fomu ipitie kwa maafisa wa afya, ndipo aandikishwe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupewa kadi. Kinachokwamisha familia za kambini ni vitu vidogo: cheti cha kuzaliwa kilichotolewa kaunti nyingine, jina la baba lililoandikwa tofauti na kitambulisho, mzazi mwenye akaunti ya eCitizen kuwa Somalia. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 iko tayari. Jopo na afisa wa Baraza wafike Mtongwe siku moja na Nyali siku moja kila robo ya mwaka, na hatua zote zimalizike chini ya paa moja. Wazazi waambiwe wiki mbili kabla walete cheti cha kuzaliwa, vitambulisho, picha na ripoti za zamani.

Kuna na wale ambao si watoto tena. Skimu nyingi za bima na pensheni humhesabu mtoto kuwa mtegemezi hadi miaka 18, zaidi kidogo akiwa masomoni. Mwenye mtindio mkali wa ubongo akifikisha 18 bado hulishwa kwa kijiko kilekile. Tunaomba kanuni zenu ziseme wazi kwamba asiyeweza kujitegemea kwa sababu ya ulemavu uliothibitishwa hubaki mtegemezi maisha yake yote, na uthibitisho huo ufanywe kabla ya siku ya kuzaliwa ya 18, kwa sababu baada ya jina kuondolewa kulirudisha ni kesi nyingine. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wahitaji, kwa wenye ulemavu mkali huangalia umaskini wa nyumba, kwa hiyo mwenye mshahara hajaandikwa humo. Siku mshahara unapokatika, kwa kifo au kustaafu, familia inaanza foleni hiyo nayo kutoka mkiani.

Tunaomba majibu kwa maandishi kuhusu mambo mawili kabla ya mzunguko ujao wa uhamisho: siku 60 za ukaguzi, na familia kubaki kwenye kota kwa tarehe iliyoandikwa. Rasimu ya kurasa za faili tunayo, na tuko tayari kuileta na kukaa na maafisa wenu wa maslahi kuirekebisha.

Kuna dogo moja la kumalizia. Tuktuk ya raia hukomea getini kwa sababu za usalama ambazo hatuzipingi. Kutoka getini hadi kota, mama humbeba mtoto mgongoni kwa leso huku akikokota kiti kilichokunjwa kwa mkono mmoja, jua la saa saba. Dereva mmoja, aliyechunguzwa, jina lake na namba ya tuktuk yake viandikwe kwenye kitabu cha mlinzi, aruhusiwe kuingia siku za kliniki peke yake. Hilo linaweza kuanza Jumatatu.

Wenu,

Wazazi, walezi, walimu wa elimu maalum na matabibu wa viungo,
Mombasa.